Ndugu au jirani yako mwenye ulemavu anateswa nyumbani? Hivi ndo unavyoweza kumsaidia

Wengi wetu tukisikia mwanamke anapigwa na mumewe, cha kwanza kututoka mdomoni ni "si aondoke tu". Haya, chukua mama ambaye huyo huyo mume ndo anayemtoa kitandani asubuhi, ndo anayemsukuma kwenye kitimwendo mpaka chooni, ndo anayeshika simu, ndo anayejua dawa za kifafa ziko wapi. Au dada kiziwi ambaye mtu pekee pale nyumbani anayeelewa ishara zake ni shemeji yule yule anayemuingilia usiku. Aondoke aende wapi, na kwa msaada wa nani? Hapo ndo tunapokwama, na ndo maana naandika hii kwa ndugu, majirani, marafiki, wajumbe wa mtaa, watu wa msikitini na kanisani, yeyote aliye karibu na mwanamke wa namna hii hapa Tanzania na hajui aanzie wapi.

Kama utashika kitu kimoja tu kwenye haya yote, shika hiki: kabla hujamwambia aripoti, kabla hujamwambia ahame, jua kwanza huyo anayemtesa anamfanyia nini kila siku, halafu tafuta watu wengine wa kuvifanya hivyo. Ukiruka hapo utamtoa leo na keshokutwa atarudi mwenyewe, na watu watasema "si mnaona, anampenda", kumbe karudi kwa sababu huko ulikompeleka hakuna wa kumshika mkono kwenda chooni.

Ukatili wenyewe unavyoonekana

Makofi na ngumi zipo, ila kuna mengine mtu anapita mlangoni kila siku na haoni kitu. Unakuta kitimwendo kipo barazani mwenyewe yuko chumbani, ukiuliza unaambiwa kinajaza nafasi. Magongo yamepandishwa juu ya kabati. Mama asiyeona anahamishiwa viti na ndoo makusudi ili ajikwae, halafu anachekwa. Mwingine anakatazwa kunywa maji kuanzia jioni ili asisumbue watu usiku, mwingine anapewa dawa za usingizi kuliko alizoandikiwa ili alale tu watu wapumzike, mwingine hela zake za TASAF, ule mfuko wa serikali wa kusaidia kaya maskini, au za biashara ya maandazi zinapokelewa na mtu mwingine na hajui hata ni shilingi ngapi. Kuna wanaopelekwa kuchomwa sindano ya uzazi wa mpango bila hata kuulizwa, yaani wanaambiwa ni sindano ya malaria. Kuna mwenye ualbino anayenyimwa hela ya mafuta ya ngozi na kofia halafu anatumwa shambani saa saba mchana. Na juu ya yote kuna ile kauli, "shukuru nimekuoa, nani mwingine angekuchukua na hali hiyo", anaambiwa asubuhi na jioni mpaka anaiamini, na inauma zaidi pale ndugu zake wa damu wanapoiitikia.

Halafu usidhani mtesaji lazima awe mume. Inaweza kuwa kaka aliyeachiwa nyumba ya urithi, wifi, mama mkwe, mtoto wa kiume aliyekua, dada wa kazi, hata mama mzazi aliyechoka na hana wa kumpokea. Huyo wa mwisho anahitaji kusaidiwa pia, ila kuchoka kwake hakumpi ruhusa ya kumfungia binti yake ndani.

Kuongea naye

Mpate peke yake. Hii ndo kazi ngumu kuliko zote maana mwanamke mwenye ulemavu mara nyingi haachwi peke yake, na mtu akija kumtembelea kuna mwingine anakaa pembeni "kumsaidia kuongea". Njia nzuri naijua moja: nenda kamsuke. Kusuka ni kazi ya masaa, wanaume wanaondoka wenyewe, na hakuna anayeshangaa wanawake wawili kukaa mkekani mchana kutwa. Kumpeleka kliniki au kwenye kikundi cha vikoba nako kunafaa.

Ukishampata, kaa chini usawa wake, ongea na yeye, sio na aliyemsindikiza. Usianze na "anakupiga?" Anza na "siku zako zinaendaje hapa, nani anakusaidia kuoga, akikasirika inakuwaje". Akikueleza, mwambie unamuamini na kwamba sio kosa lake, halafu nyamaza asikie kwamba unasikiliza. Usimwambie "vumilia", usimwambie "ndo ndoa", na usiende kumuuliza mume upande wake, ukifanya hivyo usiku huo huo yeye ndo ataulizwa kwanini amesema.

Kama haoni, angalia sana ishu ya simu. Simu nyingi za wasioona zinasoma meseji kwa sauti, kwahiyo ukimtumia "vipi jana alikupiga tena" ile simu inaisoma sebuleni watu wote wanasikia. Kubalianeni kwamba mambo haya mnaongea uso kwa uso tu, au mpaka awe amevaa earphone. Kiziwi naye ana hatari yake ya tofauti: ishara zinaonekana kutoka ng'ambo ya uwanja, na mtoto wa miaka 8 aliyekulia humo ndani anazielewa zote na atamwambia baba bila nia mbaya. Geuzeni mgongo kwa nyumba, au andikianeni kwenye simu yako wewe, sio yake.

Kama ana ulemavu wa akili, tumia sentensi fupi, swali moja kwa wakati, na usimuwekee jibu mdomoni. "Nini kilitokea?" ni swali zuri, "ni baba mdogo ndo alikushika, sio?" ni swali baya, maana wengi wao wamefundishwa kukubali kila wanachoambiwa na mtu mzima. Andika maneno yake vile vile alivyoyasema, hata kama yamekaa ovyo, na tarehe. Na usimfanye arudie hadithi kwa shangazi, kwa mchungaji, kwa mwenyekiti, kila anaporudia kitu kinabadilika kidogo na baadae mahakamani wakili wa upande wa pili anakaa hapo hapo.

Yeye akiwa mtu mzima, uamuzi ni wake, ulemavu haumfanyi mtoto. Akisema leo sitaki polisi, basi leo sio polisi, isipokuwa kama kuna hatari ya kuuawa au kuna mtoto anaumizwa humo ndani. Mwambie unarudi lini na kweli urudi.

Panga siku yake nzima kwenye karatasi

Hapa kaa vizuri. Chukueni siku moja kuanzia anavyoamka mpaka anavyolala na mpitie kila kitu anachosaidiwa. Nani anamtoa kitandani? Anaoga mwenyewe au anaogeshwa, maji anachotewa na nani? Choo cha shimo au cha kukaa, anafikaje? Dawa gani, saa ngapi, zinachukuliwa wapi, zimebaki za siku ngapi? Kama anatumia mpira wa mkojo, unabadilishwa lini na nani? Nani anamsomea barua, nani anamtafsiria hospitali, nani anatoa hela kwa wakala kwa kutumia PIN yake? Usiku akishtuka na kifafa nani anamgeuza?

Halafu kila mstari weka jina lingine. Sio jina moja kwa yote, maana mtu mmoja akibeba yote anachoka wiki ya pili na akichoka kila kitu kinavunjika. Wifi mmoja wa kuogesha, kijana wa jirani wa kusukuma kitimwendo, mama wa kikundi wa kufuata dawa. Mahali ambapo hakuna jina ndo hapo pa kutafutia nguvu, na hapo ndo unaenda kwa afisa ustawi wa jamii wa kata au wilaya ukiwa na kitu cha kuuliza kinachoeleweka, "tunahitaji mtu wa kumsaidia usiku kwa wiki mbili", badala ya kwenda kulia tu kwamba kuna mama anateswa.

Vile vile andaa mfuko na ukae kwako, sio kwake. Dawa za akiba, kopi ya kitambulisho cha NIDA na cheti cha ndoa, kadi ya bima na ya kliniki, vyeti vya watoto, pedi au nepi kama anatumia, hela kidogo, laini mpya ya simu. Vitu vya ulemavu wake navyo: ncha za ziada za magongo, fimbo nyeupe, betri za kifaa cha masikioni, mafuta ya ngozi. Watu wanakumbuka nguo wanasahau betri, halafu mwenzenu anafika polisi hasikii kitu.

Usafiri usiuache mpaka siku yenyewe. Bodaboda haibebi kitimwendo, kwahiyo tafuteni dereva wa bajaji anayeaminika, ikiwezekana wa kijiwe cha mbali kidogo maana wa kijiwe cha hapo karibu pengine ni rafiki wa mume. Mwonyesheni kabla kitimwendo kinavyokunjwa. Kubalianeni alama ya kuita msaada inayowezekana kwake: kubipu mara mbili, mtoto kutumwa kuja kuazima chumvi, kanga fulani kwenye kamba kama mikono yake inafika. Kama hawezi hata kimoja kati ya hivyo, basi ni wewe wa kupita kila siku saa ile ile.

Akiumizwa: hospitali na polisi

Kama anavuja damu, amezimia au hapumui vizuri, moja kwa moja hospitali, mtu mwingine ndo afuatilie fomu. Kama hali inaruhusu, mnapita polisi kuchukua PF3, ile fomu daktari anajaza majeraha aliyoyaona, na ndo itakayosimama mahakamani. Piga kopi kabla haijarudi kituoni. Kama amebakwa, dawa za kuzuia maambukizi ya VVU zinatakiwa zianze ndani ya masaa 72 na kila saa ikipita zinapungua nguvu, kwahiyo usisubiri kesho asubuhi. Dawa za dharura za kuzuia mimba zinafanya kazi ndani ya siku 5, nazo mapema ndo bora. Asioge kwanza, na nguo alizovaa weka kwenye bahasha ya kaki au mfuko wa karatasi, sio nailoni, nailoni inatunza unyevu na ushahidi unaoza. Najua kwa mtu anayeogeshwa na wengine hili ni gumu, mtu wa kwanza kumkuta anakimbilia kumsafisha kwa huruma, ndo maana mwambieni mapema kila aliye kwenye ile karatasi yenu.

Baadhi ya hospitali zina kituo cha mkono kwa mkono, kwa mfano Amana pale Dar es Salaam na Mnazi Mmoja Unguja, ambapo daktari, polisi, ustawi na ushauri unavipata sehemu moja. Kwa mtu ambaye kila safari ni bajaji mbili na watu watatu wa kumbeba, hicho kituo kinaokoa siku nzima, kwahiyo uliza kama mkoa wako kinapatikana kabla hujaanza kuzunguka.

Polisi ulizia Dawati la Jinsia na Watoto, usiishie kaunta. Omba askari wa kike. Omba mahojiano yafanyike chumba ambacho kitimwendo kinaingia, kama hakuna basi askari atoke nje aje kwenye bajaji, sio mama abebwe kama gunia mbele za watu. Ondokeni na namba ya RB, yaani namba ya taarifa yenu kwenye kitabu cha polisi, imeandikwa kwenye simu yako. Maelezo yakishaandikwa yasomwe kwake yote kabla hajaweka sahihi au dole gumba, na kama haoni asomewe na mtu aliyemchagua mwenyewe. Mkiambiwa "kayamalizeni nyumbani", na mnaweza kuambiwa, ombeni kwa adabu kumuona mkuu wa kituo, ikishindikana OCD, mkuu wa polisi wa wilaya, na mkienda na afisa ustawi wa jamii mlango unafunguka haraka zaidi. Dharura piga 112. Kama kuna watoto ndani wanaumia, 116 ni bure.

Mkalimani wa kiziwi naliweka peke yake kwa sababu hapa ndo kesi zinapofia. Nilishakaa kwenye benchi la kituo kimoja nikamuangalia dada kiziwi anaeleza kwa mikono dakika nzima, anaonyesha shingo, anaonyesha mlango, anaonyesha mkanda, uso umejaa machozi, na kaka wa mume aliyekuja "kumsaidia" akamgeukia askari akasema, "anasema aliteleza bafuni". Askari akaandika aliteleza bafuni. Yule dada alikuwa anaangalia kalamu inavyotembea na hajui kimeandikwa nini. Kwahiyo mkalimani asiwe ndugu, asiwe wa upande wa mume, asiwe mtoto wake. Watafuteni CHAVITA, chama cha viziwi, wana matawi mikoani na wanajua wakalimani walipo. Na kama dada hakuwahi kwenda shule ya viziwi, anatumia ishara za nyumbani tu, mkalimani wa Lugha ya Alama ya Tanzania peke yake anaweza asimuelewe, hapo mnahitaji kiziwi mwingine anayekaa katikati, yeye anamuelewa dada, mkalimani anamuelewa yeye. Inachukua muda ila inafanya kazi. Na asije mtu akawatisha kwamba asiyeongea hawezi kuwa shahidi: sheria ya ushahidi inamruhusu kueleza kwa maandishi au kwa ishara mbele ya mahakama, na huo ni ushahidi kamili.

Sheria inasema nini

Tanzania Bara hatuna sheria moja ya ukatili wa majumbani, kwahiyo mnatumia zilizopo. Kumpiga na kumjeruhi mtu ni kosa kwenye Kanuni ya Adhabu, awe mke awe nani. Sheria ya Ndoa ya 1971, kifungu cha 66, inasema wazi hakuna mwanandoa mwenye haki ya kumpa mwenzake adhabu ya viboko, na hii napenda watu waikariri maana bado wapo wanaosema dini na mila zinaruhusu "kumrudi" mke. Kosa la kubaka ndani ya ndoa bado sheria yetu haijalifikia isipokuwa kama wametengana, na mimi naona ni aibu, ila majeraha, vitisho na kufungiwa ndani vyote vinashtakika. Kumuingilia mwanamke mwenye ulemavu wa akili kwa kutumia hali yake ni kosa la jinai, hata ndugu wakishakaa kikao na kupokea ng'ombe. Kuna pia Sheria ya Watu Wenye Ulemavu ya 2010, na Zanzibar wana sheria zao.

Watu wanachanganya mambo mawili. Talaka lazima kwa kawaida ipitie kwanza baraza la usuluhishi la ndoa, la kata, la BAKWATA au la kanisa. Lakini kesi ya kupigwa haihitaji baraza lolote, ni jinai, inaanzia polisi siku hiyo hiyo. Kwahiyo mwenyekiti au mzee wa ukoo akisema "kwanza tukae kikao", jibuni kwamba kikao cha ndoa kitakuwa na siku yake.

Kitisho kinachowafunga wanawake wengi ni watoto. "Ukiondoka, mahakama gani itamwachia kipofu mtoto?" Mwambie ukweli: mahakama inaangalia maslahi ya mtoto kwanza, na kwa mtoto wa chini ya miaka 7 sheria ya ndoa inaanza na dhana kwamba ni vizuri akae na mama yake, anayepinga ndo athibitishe. Hapo ile karatasi ya majina inakuja kusaidia tena, inaonyesha mtoto ataangaliwa vipi. Nyumba nayo, mume haruhusiwi kuiuza au kuiweka rehani nyumba ya ndoa bila ridhaa ya mke.

Wakili sio lazima hela. Tangu 2017 kuna Sheria ya Msaada wa Kisheria, na kuna wasaidizi wa kisheria wilayani. Mashirika ya msaada wa kisheria kama TAWLA, WLAC na LHRC wanasaidia, Zanzibar kuna ZAFELA. Vyama vya watu wenye ulemavu navyo, CHAWATA, TLB kwa wasioona, TAS kwa wenye ualbino, na SHIVYAWATA ambalo ni shirikisho lao, vishirikisheni mapema, wana wanawake waliopitia haya haya na dada yako ataelewana nao kuliko na sisi.

Wiki za kwanza baada ya kutoka

Nyumba salama ni chache na nyingi hazikujengwa kwa kumfikiria mtu wa kitimwendo. Piga simu kabla, uliza ngazi ngapi, choo kikoje, mlango upana gani, wanapokea mtu anayehitaji msaidizi wa kulala naye, wanajua kifafa? Kama majibu ni hapana kote, nyumba ya shangazi iliyo tambarare na yenye choo karibu inaweza kuwa bora, ili mradi mume haijui au kuna watu wazima muda wote.

Siku hiyo hiyo ya kwanza badilisheni PIN ya simu na ya kadi ya benki, na kama yuko TASAF nendeni kwa mtendaji mkaeleze kabla ya malipo yajayo. Laini ya zamani izimwe lakini isitupwe, meseji za vitisho zikiingia humo ni ushahidi. Msimpost popote, hata picha ya nyuma yake.

Mume atatuma watu. Kwanza atatuma wazee na soda, baadae atatuma mtoto analia. Msimjibie mwanamke mwenyewe, muulizeni anataka kuwaona au hataki, na kama anataka basi mmoja wenu akae chumba kile kile.

Na hela ndo itaamua kama atabaki huko. Halmashauri inatenga asilimia 10 ya mapato yake ya ndani kwa mikopo isiyo na riba, 4 wanawake, 4 vijana na 2 watu wenye ulemavu, na hiyo asilimia 2 sehemu nyingi ndo inayoombwa na watu wachache. Nendeni naye mwenyewe ofisi ya maendeleo ya jamii ya kata, asiende mtu kumwakilisha, mkaulize masharti ya saivi, fomu, na kama kuna kikundi cha wenye ulemavu kinachopokea wanachama. Mkiwa hapo hapo ombeni barua ya makazi mapya kutoka kwa mtendaji wa mtaa, maana bila hiyo kadi ya kliniki, shule ya mtoto na hiyo mikopo vyote vitamrudisha kuulizia saini kule alikotoka.